Maneno Mawili Kando ya Kitanda Namba Saba

Mimi ndiye niliyefanya mwanamke mmoja afukuzwe kwenye mtihani wa uuguzi kwa sababu ya maneno mawili.

Maneno yenyewe yalikuwa "uliza jina."

Nilidai atolewe nje, akatolewa. Nilikuwa na sindano mkononi, na nilijisikia vizuri sana.

Ngoja nikusimulie, maana kila nikifungua simu naona vikundi vya WhatsApp vya kujiandaa na mtihani vimejaa watu wa aina yangu ya zamani. Watu wa "nitumieni maswali na majibu." Watu wanaomeza manoti kama kasuku halafu wanajiita docteur kabla hata ya kushika diploma. Nawadharau, na nina haki ya kuwadharau, maana nilikuwa kiongozi wao.

Naitwa Kizito, wa hapa Uvira, mtaa wa Songo. Mama yangu anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Tangu mwaka wangu wa kwanza wa masomo alikuwa akiwaambia wateja, "Mutoto wangu ni docteur." Sikumsahihisha hata siku moja.

Mwaka ule kituo kimoja cha afya kule Kavimvira kilikuwa na nafasi moja ya kazi. Wangemchukua atakayeongoza mtihani wa vitendo. Mimi nilijua ni yangu. Nani mwingine?

Célestine? Hebu nicheke kwanza.

Célestine alikuwa mama wa watoto wanne kutoka kijiji cha Mutarule. Alitoka kwenye mashamba ya mpunga akaja kukaa dawati moja na sisi vijana, na viatu vyake vya plastiki. Kifaransa chake kilikuwa kinachechemea. Aliandika polepole mpaka mwalimu anafuta ubao yeye bado yuko mstari wa pili.

Kila jioni tulirudia masomo sebuleni kwetu, watu watano, na mimi ndiye nilikuwa muulizaji. Hakuna aliyenichagua.

"Paracetamol kwa mtu mzima, mwisho gramu ngapi kwa siku?"

"Ine," akajibu mmoja.

"Kwinini inaweza kushusha nini kwenye damu?"

"Sukari."

"Célestine! Mgonjwa wa kolera amefika. Unaanza na nini?"

Akafikiri kidogo. "Kwanza ninamuuliza yeye, ao wenye bamemuleta. Ameanza kuhara saa ngapi, kama anakojoa..."

Nikamkata. "Mtihani haumuulizi mugonjwa! Mtihani unakuuliza weye. Sema: ninapima amepungukiwa maji kiasi gani, kisha namurudishia maji. Kwisha."

"Sasa minye nitajua namna gani kama sijamuuliza?"

Wenzetu wakacheka. Nikacheka kuliko wote.

"Kuuliza siyo ujinga, Kizito," akasema.

"Kwako weye ni ujinga, yaya."

Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu alinizidi umri. Ilikuwa heshima ya mdomoni tu.

Sasa, shuleni kwetu kuna desturi moja ambayo hakuna mwalimu anayeikubali na kila mwalimu anaijua. Siku moja kabla ya mtihani wa vitendo, wanafunzi wanapita wodini "kusalimia wagonjwa." Unabeba sukari, sabuni, mkate. Unampa mgonjwa, na huku jicho lako liko kwenye fishi yake, karatasi ya matibabu iliyotundikwa miguuni pa kitanda. Kesho ukichota karatasi na kuambiwa kitanda fulani, tayari una ugonjwa, dawa na kipimo kichwani.

Namba za vitanda zimechorwa ukutani kwa rangi. Wodi ya wanawake ina vitanda kumi na viwili. Nilivimeza vyote.

Namba saba: Aline, miaka ishirini na sita, homa ya mapafu, ampisilini gramu moja kwenye mshipa kila baada ya saa sita. Nikamwachia robo kilo ya sukari. Akasema, "Aksanti, docteur," wakati mimi nimeshageukia namba nane. Sura yake sikuitazama. Ya nini? Sura haina pointi.

Namba tisa: Mama Charlotte, mzee, kidonda cha mguu. Kwenye fishi yake kulikuwa na mstari mwekundu: asipewe dawa yoyote ya familia ya penisilini, iliwahi kumziba pumzi karibu afe. Huo nao nikaumeza.

Célestine alikuwepo, mikono mitupu. Aliketi kando ya Mama Charlotte wakaongea Kifuliiru na kucheka. Saa nzima, mgonjwa mmoja! Nikasema moyoni, huyu kesho atalia.

Alfajiri ikanyesha mvua kubwa. Mimi nililala usingizi wangu.

Saa mbili asubuhi tulisimama mlangoni mwa wodi, blauzi zetu, makoti meupe ya uuguzi, zimepigwa pasi. Mkuu wa juri, jopo la wasahihishaji, alikuwa Madame Claire, muuguzi wa miaka mingi, mwanamke asiyecheka ovyo. Sharti lake lilikuwa moja: atakayefungua mdomo wakati mwenzake anafanya mtihani, anatoka, na mwaka wake umekwisha.

Nikachota karatasi. Kitanda namba saba, mpe mgonjwa dawa ya saa mbili.

Nusura nicheke mbele za watu.

Mgonjwa alikuwa amejifunika kitenge mpaka kichwani kwa baridi. Mkono mmoja tu ulikuwa nje, ule wenye kampira ka kupitishia dawa. Mimi sikuhitaji zaidi ya mkono. Nikampa mgongo, nikawageukia juri.

"Ampisilini, familia ya penisilini. Kabla ya kuchoma, mgonjwa aulizwe kama ana aleji, na adrenalini iwe karibu. Mambo matano ya kuhakikisha: mgonjwa mwenyewe, dawa yenyewe, kipimo, njia na saa."

Madame Claire akaandika. Umesikia lakini? Nilisema aulizwe. Sikumuuliza. Pointi za kutaja nilikuwa nimeshazipata, kwa nini nijisumbue?

Nikachanganya dawa, nikatoa hewa kwenye sindano. Sauti ikatoka chini ya kitenge, dhaifu.

"Docteur, iyo dawa ni ya nini?"

"Tulia, mama. Minye njo najua."

Hapo ndipo Célestine, aliyekuwa mlangoni akingoja zamu yake, aliposema, "Uliza jina."

Juri wote wakageukia mlangoni.

Nikaona ni wivu. Mwanamke wa mpunga ameona nafasi inamponyoka, anataka kunitia wasiwasi. Damu ikanipanda.

"Madame, sharti ni sharti. Huyu atoke!"

Célestine hata hakunitazama. "Nitatoka, Madame. Lakini aulize kwanza."

"Toka," akasema Madame Claire.

Akatoka. Nikaiona Kavimvira hiyo, naingia na blauzi yangu, mama anaimba sokoni.

Nikaushika ule mkono. Ngozi ilikuwa imekunjamana. Nakuapia niliiona ile mikunjo, na bado kichwani mwangu mgonjwa alikuwa na miaka ishirini na sita.

Mkono ukavutwa.

Kitenge kikafunuka, akatokea mama mzee mwenye mvi, macho makali. "Weye kijana, umenigeuzia mugongo tangu umeingia. Minye niko Charlotte. Nakuuliza, iyo dawa ni ya nini?"

Kutoka mwisho wa wodi, kwenye kitanda alichokuwa amelala na mgonjwa mwenzake, mwanamke kijana akainua mkono. "Aline ni minye! Niko huku. Mvua ilivuja mu kitanda ya mama, nikamupa yangu." Kisha akaongeza, kana kwamba ni habari njema, "Na ile sukari yako nilimupa. Yeye hakukuwa nayo."

Wagonjwa wakaangua kicheko.

Madame Claire hakucheka. Alisoma fishi ya namba saba, akaenda kusoma ya namba tisa, akasimama pale kwenye mstari mwekundu muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akaitoa sindano mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Na kama huyu mama angekuwa amesinzia?" akaniuliza.

Nikatazama ile namba saba ukutani.

Nikapata sifuri.

Célestine akaitwa ndani. Kumbe alifika kabla ya sisi wote, mvua ikiwa bado inanyesha, akamkuta Mama Charlotte amelowa. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni kutoka namba tisa hadi namba saba. Alimwomba muuguzi wa zamu ahamishe fishi, maana sisi siku ile tulikatazwa kuzigusa. Akajibiwa, "Nimalize chai kwanza."

Madame Claire akamwambia, "Sharti niliweka minye, na minye njo ninalitoa. Mufunge huyu mama kidonda, tukuone."

Célestine akanawa mikono, akainama kando ya kitanda.

"Mama, jina lako nani?"

Alikuwa amembeba mtu huyo mgongoni asubuhi ileile. Akamuuliza jina. Na Mama Charlotte akalitaja lote, polepole, huku ananitazama mimi.

Jioni mama alirudi na beseni lake, akanikuta nimekaa gizani. Soko zima lilikuwa limeshamuuliza. Aliniambia tu, "Nimebaambia unarudilia mwaka," akaingia jikoni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Nikarudia mwaka, nikafaulu. Wakati huo kituo cha Kavimvira kilikuwa kinatafuta muuguzi wa pili. Nikaenda mapema, blauzi pasi juu ya pasi.

Nyuma ya meza, na daftari la wafanyakazi limefunguliwa mbele yake, alikaa Célestine. Ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi pale. Viatu vilevile vya plastiki.

Nikachekacheka. "Yaya Célestine! Ni minye."

Hakucheka. Wala hakukasirika. Akachukua kalamu, akaniangalia usoni.

"Jina lako nani?"

Nikalitaja lote, nimesimama wima, na wagonjwa wa foleni wanasikiliza. Akaliandika daftarini, nikaanza kazi.

Tangu siku hiyo namuuliza kila mtu. Juzi mama yangu mwenyewe alilazwa kwetu na malaria, nikamuuliza mbele ya wodi. Akanitukana: "Weye! Minye njo nilikuzala!" Nikangoja. Akalitaja.

Wewe mwenye maswali mia tano na majibu yake kwenye simu, unayewacheka wanaouliza, endelea kumeza. Kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa na majibu yote, na nilibakiza upana wa kidole nimuue mama wa watu.