Siku Nilipochelewesha Kisu

Maziwa yanayochemka juu ya kuni za mkaratusi yana harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: utamu kidogo, moshi mwingi, na kwa mbali jasho la ng'ombe. Hiyo ndiyo asubuhi ya utoto wangu huko Mweso, mji mdogo chini ya milima ya wafugaji. Kabla jua halijatoboa ukungu, Mama Jozefina alikuwa ameshamtuma mtu kutuletea kidumu chetu cha maziwa kutoka mlimani, na mama alikuwa ameshayabandika jikoni. Mama Jozefina alikuwa mke wa Papa Anastazi, mfugaji, Mkatoliki wa kanisani kila Jumapili na suti yake moja ya kahawia. Sisi tulikuwa Waislamu, na Waislamu wa Mweso wakati ule tulikuwa wachache kiasi kwamba mmoja wetu akiugua pengo lilionekana kwenye safu ya sala. Babu yangu alikuja kutoka Maniema akifuata biashara ya chumvi, akajenga, akazaa, akazikwa. Msikiti wetu ulikuwa wa mbao na mabati, na mvua ikinyesha hukusikia hata neno moja la imamu. Tulisujudu kwa kumtazama aliye mbele.

Baba yangu, Papa Yusufu, aliuza chumvi na kandambili sokoni, lakini watu wa milimani walimjua kwa kazi nyingine. Kwao, harusi au matanga yenye mgeni Muislamu hata mmoja, ng'ombe hachinjwi na mwenye nyumba. Anaitwa Muislamu achinje, ili sufuria iwe moja na watu wote wale pamoja. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Mtu aliyeivunja alisemwa vibaya mpaka wajukuu zake. Baba aliitwa karibu kila mwezi wa kiangazi, na hakudai chochote. Kisu chake kilikaa juu ya kabati la mama kikiwa kimeviringishwa kitambaa cheupe, na hakikuruhusiwa kukata hata kitunguu. Alikinoa kwa subira iliyotuchosha sisi tuliomtazama. Alisema mnyama anakupa roho yake, basi angalau usimrefushie maumivu.

Nilikuwa na miaka kumi, na mwaka ule Papa Anastazi alikuwa anamwoza binti yake mkubwa, Esperansi, kwa kijana wa upande wa Walikale. Wageni wangekuja kwa pikipiki safari ya siku mbili, na kati yao walikuwamo wajomba wa bwana harusi ambao ni Waislamu. Fahali wa harusi alikuwa amenenepeshwa tangu msimu wa maharage. Mnyama mkubwa, mjinga, mwenye nundu kama gunia la unga. Siku moja kabla ya harusi, baada ya mvua ya usiku kucha, aliteleza ukingoni akaangukia kwenye mtaro akavunjika miguu ya mbele. Mtu alikuja mbio sokoni kumwambia baba kwamba fahali anakufa, wahi umchinje. Baba aliacha meza yake ya kandambili kwa jirani akapanda mlima vile vile alivyokuwa. Mimi akanituma nyumbani nikachukue kisu. Aliniambia maneno matatu tu: kimbia, usisimame njiani.

Nilikimbia kweli, mpaka nyumbani na nusu ya njia ya kurudi. Hapo nikalikuta lori. Kwa asiyeijua barabara ya Kitshanga wakati wa mvua, lori lililokwama kwenye tope lilikuwa sherehe kuliko Noeli na Idi. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, limezama mpaka ekseli, na wanaume kama ishirini walikuwa wanalisukuma wakiimba. Dereva alitangaza kwamba mtoto atakayeleta mawe ya kuweka chini ya tairi atapata biskuti. Nilijiambia ni jiwe moja tu. Nilibeba manne, kisu kikiwa kiunoni ndani ya kitenge. Nilipata biskuti mbili, nikazila pale pale nimesimama, na nikangoja kuona lori likitoka. Lilitoka. Tulishangilia.

Nilipofika kwenye mtaro fahali alikuwa amekufa. Si zamani, masikio yalikuwa bado ya moto, na nzi walikuwa ndiyo kwanza wanakuja. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye matope, amekishika kichwa cha yule mnyama. Watu walikuwa wamempa panga, akalikataa, kwa sababu lilikuwa limekatia migomba asubuhi nzima na halikuweza hata kukata kamba. Alidhani nitafika wakati wowote. Wengine walikuwa wamekwenda kutafuta miti ya kubebea, kwa hiyo pale tulikuwa baba, Papa Anastazi na mimi. Papa Anastazi alinitazama, akatazama kisu, kisha akamsogelea baba na kusema kwa sauti ya chini kabisa:

"Papa Yusufu, kata tu. Bado iko na moto. Nani atajua? Na Mungu anaelewa."

"Hiyo njo shida yenyewe, Anastazi," baba alijibu. "Mungu anaelewa."

Akasimama, akajifuta magoti, akasema yeye ndiye aliyechelewa na anaomba msamaha. Hakuniuliza kitu. Mimi nilikuwa na makombo ya biskuti kwenye ulimi na sikufungua kinywa.

Nyama ya kibudu, mnyama aliyejifia, hata Wakatoliki wa pale wasingeiweka mbele ya wakwe. Ilibidi apatikane ng'ombe mwingine jioni ile ile, na kundini hapakuwa na fahali mwingine mkubwa. Papa Anastazi akamtoa Gaju. Huyu alikuwa ng'ombe mwekundu wa maziwa, mpole, ndiye aliyekuwa anawalisha wadogo zake Esperansi na ndiye aliyejaza kidumu chetu. Baba alimchinja kwa kisu kile kile nilichokileta. Mama Jozefina aliingia ndani akafunga mlango. Harusi ilikuwa nzuri, wajomba wa Walikale walikula wakasifu, na Esperansi alilia kama inavyotakiwa. Kuanzia Jumatatu tulikunywa chai ya rangi, na kule mlimani kitinda mimba wao, mtoto wa miaka miwili, alikuwa analia akionyesha zizi kwa kidole. Nilimwona mwenyewe. Iliniuma, lakini niliogopa kipigo kuliko nilivyoumia, basi nikanyamaza.

Wiki hiyo hiyo, madrasa, mwalimu wetu aliuliza: Muislamu wa kweli ni nani? Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kunyoosha mkono. Nikasimama, nikahesabu kwenye vidole: shahada, sala, zaka, funga, hija. Vidole vitano, sikukosea hata kimoja. Mwalimu akawaambia wengine waige mfano wa Salima, yaani mimi. Nilikaa chini, na nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa baba, nikamwambia yote, lori, mawe, biskuti, kila kitu, nikingoja fimbo. Fimbo haikuja. Aliniuliza biskuti zilikuwa ngapi, nikasema mbili, akatikisa kichwa. Nikasema nimeshatubu kwa Mungu. Akasema vizuri, ya Mungu yameisha, lakini Gaju hakuwa ng'ombe wake yeye hata anisamehe. Kesho utapanda kwa mwenye ng'ombe. Nilimwomba twende wote. Alikataa. Mama naye alimwomba, maana aliona aibu ya nyumba nzima, baba akakataa tena. Nilimchukia usiku ule, nasema wazi.

Asubuhi nilimkuta Papa Anastazi anafunga ua wa zizi kwa miti ya mkaratusi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, lakini yalitoka kwa mkupuo.

"Papa, kisu nilikuwa nayo. Nilisimama kwa lori. Nilikula biskuti."

Aliweka nyundo chini.

"Baba yako aliniambia ni yeye njo alichelewa."

"Alikuwa hajui."

"Na nani amekutuma hapa?"

"Yeye."

Alikaa juu ya gogo. Mtu akisimulia hadithi kama hii kwa kawaida hapa ndipo mzee anapomshika mtoto kichwa. Papa Anastazi hakunishika kichwa. Aliniambia, "Enda nyumbani," na aliponitazama niliona ana hasira kweli, hasira ya mtu mzima kwa mtu mzima. Kwa zaidi ya mwezi alipita mbele ya meza ya baba, akamsalimia baba, mimi akaniruka. Nilijifunza kwamba unaweza kusema ukweli na bado usisamehewe siku ile, na kwamba hilo si kosa la uliyemwambia.

Kisha mama yake Papa Anastazi akafariki, na siku ya kumaliza matanga akatuma mtu kwa baba. Ujumbe ulisema Papa Yusufu akuje kuchinja, na ule mutoto njo alete kisu. Nilikibeba kwa mikono miwili mlima mzima, mbele ya watu, na nilipofika Papa Anastazi alikuwa anangoja kwenye ua. Aliangalia nyuma yangu barabarani, akauliza, "Leo hakuna lori?" Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nililia, naye akanionyesha mahali pa kunawa uso.

Sasa ninaishi Shasha, kando ya ziwa; vita vilitushusha huku na hatukupanda tena. Baba hayupo, Mungu amrehemu, na nilisikia ng'ombe wa Papa Anastazi walitawanyika wote. Vijana wa hapa wanabishana kwenye simu zao nani ni Muislamu wa kweli, anayefupisha suruali au asiyefupisha, anayesoma maulidi au anayeyapinga, kisha wanakuja kuniuliza mimi kwa sababu nafundisha wasichana Kurani. Ninawasimulia habari ya fahali. Wanaipenda sana, na mimi nikiisimulia najiona mtu wa maana. Ila mwezi uliopita nilipika maharage kwenye sufuria kubwa ya akina mama wa msikiti, nikaenda kupiga soga, ikaungua ikatoboka kitako. Niliirudisha stoo usiku bila kusema. Aliyeichukua baada yangu ni Mama Zawadi, mjane, mgeni kati yetu, na kwenye mkutano wote walimgeukia yeye kwamba ndiye aliyeitoboa. Nilikuwepo, nimejitanda ushungi wangu mweupe, nikasikiliza mpaka mwisho. Tangu siku ile Mama Zawadi haji tena msikitini. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu, njia ni tambarare, na sina baba wa kunituma. Bado sijaenda.