Maji ya Bomba Kwenye Rejeta

Gari nililiua mimi. Naanza na hilo, asije mtu akadhani nimelificha.

Lilikuwa gari kuukuu la marehemu mume wangu. Tulipomaliza kuzika, ukoo wake ulikaa kikao Soweto ukaamua litabaki kwangu maadamu naweza kulitunza; nikishindwa, lichukuliwe na mdogo wake. Mimi sikuulizwa. Ni mwanamke wa Morogoro niliyemfuata mume Johannesburg uhamisho wake wa enzi za makaburu ulipokwisha, na kwa watu wale miaka ishirini na ushei si kitu, bado ni mgeni. Lakini gari hilo ndilo lililonifanya nisimwombe mtu. Nilishona sare za shule nyumbani Yeoville, nikazipeleka mwenyewe madukani Diepsloot, nikarudi na changu.

Mume wangu alikuwa akitia kwenye rejeta ile dawa ya kijani ya kuzuia maji yasigande. Mimi niliona upuuzi. Baba yangu aliendesha lori maisha yake yote kwa maji ya bomba, kopo moja kila asubuhi, na lori halikuwahi kumlaza njiani. Nikafuata mila za kwetu. Kiangazi kilipita salama. Ikaja Julai ya 2017, baridi ya kugonganisha meno, maji yakaganda ndani ya rejeta yakaipasua. Morogoro maji hayagandi, ningejuaje?

Asubuhi nikaondoka na mzigo wa sare, maji yanavuja bila mimi kujua. Nikikaribia Diepsloot, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Mwenye akili zake angesimama. Mimi nikasema nifike kwanza, si pale tu. Nilifika na moshi mweupe nyuma yangu, gari likazimika mbele ya spaza, kiduka cha mtaani cha mteja wangu. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilitoka na rangi ya chai ya maziwa.

Shemeji alipata habari hata kabla gari halijavutwa kurudi Yeoville. Naye alikulia uhamishoni kwetu, ila Kiswahili chake hukitoa akikasirika tu. Akapiga simu: “Shemeji, umeliua gari la kaka. Jumapili nakuja na mtu wa vyuma chakavu.”

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. “Nimeliua mimi, nitalifufua mimi,” nikamjibu. “Na huyo mtu wako mwache hukohuko.”

Fundi alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, anayefanyia kazi uani nyuma ya nyumba yake. Aliifungua injini akanionyesha gasketi ya silinda hedi, bamba jembamba la kuziba chini ya kifuniko cha injini: imeungua kati ya njia ya maji na njia ya oili, na hapo ndipo maji na oili vilipokutana. Hedi yenyewe ilikuwa imepinda kwa joto.

“Mama, tafuta tu moteri ingine,” akasema.

Nikamwambia injini ni hiyohiyo.

“Basi rudia ku nyumba. Itakawia.”

Nikavuta kreti nikakaa, nikatoa kola zangu nikashona. Siku tatu sikubanduka. Hedi ikapelekwa mjini kusawazishwa kwa mashine, ikarudi, ikawekewa gasketi mpya, na rejeta nyingine ikafungwa. Wakati wa kukaza bolti nilimsimamia: anaanza na za katikati, anaenda za pembeni, kisha anarudia zote. Ya mwisho nikamwomba spana. Alicheka, lakini akanipa. Dawa ya kijani niliimimina mwenyewe.

Jumapili sikumngoja shemeji. Nilimfuata Soweto, nikasimama getini kwake, injini inanguruma. Alipotoka, nikahamia kiti cha abiria.

“Kaa hapo,” nikamwambia, “utazame mshale.”

Akaketi nyuma ya usukani. Tulikaa nusu saa nzima, mshale umetulia katikati. Kidole chake kikawa kinapita pale usukani ulipolika kwa viganja vya kaka yake.

“Hakuwahi kuniruhusu kuliendesha,” akasema mwishowe. “Hata siku moja.”

Huruma ilinishika, sikatai. Kidogo nimwachie funguo.

“Hata mimi hakuniruhusu,” nikasema. “Nilijifunza alipokuwa hawezi tena, kwa kumpeleka hospitali na kumrudisha. Wewe hukuwahi kuja. Sasa shuka, shemeji. Kesho shule zinafunguliwa, nina sare za kupeleka.”

Akashuka.