Volti Mbili Zilizopotelea Kilimani

Jumatatu, tarehe 4 Septemba 2023, binti wa fundi mmoja wa betri alikabidhiwa leseni yake mwenyewe ya ufundi umeme. Aliisoma pande zote mbili, akaitia kwenye droo ya vibanio, akarudi kazini. Bado imo humo. Ukutani kuna leseni ya baba yake, iliyofifia kwa jua hadi picha imebaki masharubu tu, na binti anasema msumari ni mmoja.

Karakana yao ni chumba kimoja kinachofungukia barabarani, chini ya kilima cha shule. Meza imewekwa dirishani ili mwanga uangukie mikono. Hapa hushughulikiwa umeme wa betri tu, ule unaokwenda upande mmoja: taa za dharura, pikipiki za umeme, na zaidi ya yote viti vya magurudumu vinavyojiendesha. Baba aliianzisha kabla binti hajazaliwa. Ndiye aliyemfundisha kwamba volti ni msukumo, ampea ni wingi wa kinachopita, na ukizidisha moja kwa nyingine unapata wati, yaani nguvu inayotumika. Alimfundisha pia kwamba umeme usiofika kwenye mota haujatoweka. Uko mahali fulani njiani, unapasha kitu moto. "Kiungo chenye moto kinakula," ndivyo anavyosema hadi leo, huku akigusa kila kiungo kwa ncha ya kidole.

Mtaa unamwita binti huyo Milivoti, yaani sehemu moja ya elfu ya volti. Jina alipewa na fundi wa rejeta za magari wa mlango wa pili, wala hakulitoa kwa heshima. Alimwona akikataa kumkabidhi mteja taa iliyokuwa inawaka vizuri, eti waya wake ulikuwa unapoteza umeme kidogo mno usioweza hata kuonekana. Fundi wa rejeta akatangaza barazani kwamba binti wa jirani anatafuta kiroboto mgongoni mwa tembo. Milivoti alicheka, akaendelea kupima.

Mwezi uliopita ililetwa kazi ya mwalimu wa hisabati, mtu mpana wa mabega na mwepesi wa maneno, anayefundisha darasa la mtihani huko juu kilimani. Kiti chake kilikuwa kikienda vizuri kwenye tambarare, lakini katikati ya mwinuko wa shule taa nyekundu huwaka na kiti husimama. Wanafunzi wakipita humsukuma hadi juu. Hilo ndilo lililomuuma. "Kutwa nawaambia kila mtu afanye hesabu yake mwenyewe," alisema, "halafu asubuhi wao ndio wananipandisha mimi." Mkuu wa shule, kwa nia njema, alikuwa amempa nafasi ya kufundisha madarasa madogo katika jengo la bondeni. Mwalimu alisema kiti kikishindwa safari hii, atakubali, na darasa lake la mtihani litachukuliwa na mwingine.

Hii ilikuwa mara yake ya tatu karakanani. Mara ya kwanza mzee, baba yake Milivoti, alimfungia betri mpya mbili za volti kumi na mbili, akaziunganisha kwa kufuatana kupata ishirini na nne. Mara ya pili alipima tena: betri zilisoma ishirini na tano nukta sita, mita ya kupimia umeme ikalia pii kwenye kila waya, ishara kwamba njia haijakatika. Akamrudishia mwalimu kiti na pole. Kiti hakina kosa, alisema, na kilima hatuwezi kukichonga kwa bisibisi.

Milivoti aliomba kipimwe kikiwa na mzigo. Mgonjwa anayekosa pumzi kwenye ngazi, alimwambia baba yake, humpimi akiwa amelala. Mzee akachukua kofia yake akasema wataona.

Walitoka watatu. Binti alibana nyaya za mita kwenye betri na mita yenyewe akaiweka mapajani mwa mwalimu, awe anasoma. Mwalimu alisoma kwa sauti ya kuita majina darasani. Kwenye mwinuko kiti kilivuta ampea ishirini, na betri zikashuka hadi ishirini na mbili nukta nane, jambo la kawaida kwa betri inayofanya kazi. Taa nyekundu, kiti kikasimama. Wakashuka. Safari ya pili vibanio vilihamishiwa kwenye kidhibiti, kile kisanduku kinachogawia mota umeme. Pale pale pa kusimamia, mwalimu alisoma ishirini nukta nane.

Kidhibiti hicho hujizima chini ya volti ishirini na moja, kwa kudhani betri zimeisha. Hazikuwa zimeisha. Volti mbili zilibaki njiani. Mwalimu alikuwa ameshazidisha kabla hajaulizwa: volti mbili kwa ampea ishirini, wati arobaini.

"Pasi yenu ya kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya ni ya wati ngapi?" aliuliza.

"Arobaini," Milivoti akajibu.

"Kumbe kila asubuhi napanda na pasi imewashwa chini ya makalio."

Hakuna aliyecheka sana. Kati ya betri na kidhibiti kulikuwa na kiungo kimoja tu, kimefungwa kwa uzi mweusi uliotiwa nta. Fundi anayefunga hivyo mtaani ni mmoja. Milivoti alikuwa ameuona uzi ule tangu karakanani. Sasa alibana kibanio kimoja upande huu wa kiungo, kingine upande ule, akampa baba yake mita na kumwomba amshikie.

Kiti kikapanda. Mzee akatembea kando yake, macho kwenye mita. Ncha mbili za kiungo kizima husoma karibu na sifuri; somo hilo alilitoa yeye. Kiti kiliposimama alisoma polepole, "Mbili nukta sifuri," akainama na kugusa kiungo.

"Hakina moto," alisema.

Milivoti akagusa, akauondoa mkono upesi.

"Mzee," mwalimu akasema kwa upole, "mwenzako kaungua."

Mzee aliviangalia vidole vyake, vilivyoshika chuma cha moto tangu ujanani. Kisha akamgeukia binti yake. "Kiungo hiki ni changu."

"Ni chako, Baba."

"Mbona hukusema kule chini?"

"Ungeniambia nipime kwanza."

Mzee alifikiri. "Ningekwambia upime," alikubali.

Karakanani aliukata uzi mwenyewe. Risasi haikuwa imeyeyuka ikaingia kati ya nyuzi za shaba. Ilikaa juu juu, kijivu na chembechembe kama majivu. Zamani kidole kingemwambia kwamba waya haujapata moto wa kutosha. Milivoti alikata sehemu ile, akaunga upya, baba akimmulikia tochi. Alipomaliza, mzee aligeuza kiungo kwenye mwanga mara kadhaa, akasema kwamba yeye katika ubora wake hakuwahi kuunga kiungo kisafi namna hii. Milivoti alijifanya anatafuta kisu.

Kiti kilipita mlangoni kwa fundi wa rejeta, kikaingia kilimani. Kwenye kidhibiti mita ilisoma ishirini na mbili nukta saba. Mwalimu hakusimama pale kiti kilipozoea kusimama. Alifika langoni, akageuza kiti akawatazama, akapunga mkono mara moja, akaingia shuleni.

Fundi wa rejeta aliuliza kutoka mlangoni kama kiroboto amepatikana.

"Amepatikana, na alikuwa wangu," mzee alimjibu. "Na kuanzia leo mimi niite Baba Milivoti."

Mwalimu amebaki na darasa lake. Mzee ameagiza viti vyote alivyounga mwaka huu virudishwe vikapimwe kilimani. Cha kwanza kinaletwa Alhamisi asubuhi. Binti ataunga, na baba atashika mita.