Kitalu Kimekwisha

Miaka ile ya themanini baba yangu alilima vitunguu Mang'ola. Tulihamisha miche kutoka kitaluni, na mche uliokufa tuliuzibia pengo kwa mwingine, mpaka kitalu kinaisha.

Siku moja mtalii mzee alisimama shambani kwetu. Nywele zake zilikuwa zimepandikizwa hospitalini kwao, zimekaa kwa mistari yenye mapengo. Baba, asiyejua kumeza neno, akamwuliza kupitia dereva wake: mbona hakurudi wakamjazie? Mzee akainama, akatuonyesha kisogo, mahali nywele hizo zilipong'olewa. Makovu matupu.

"Pole, kumbe kitalu kimekwisha," baba akasema. Akavua kofia yake ya ukindu, akamvika.

Tukarudi nyumbani, upara wa baba ukimeremeta juani. Sijaona tena kichwa kizuri kama kile.