Taa ya Kutazamia Nyuso

"Sasa wewe jirani, mtu mmoja, kiti kimoja, mashine ya kupima ngozi unaitakia nini? Au unataka kutupiga picha za kwenda nazo mbinguni?"

Fundi cherehani wa mlango wa pili ndiye aliyeuliza, pini zikiwa mdomoni. Mama Mvuke, aitwaye hivyo kwa kufukiza na kusafisha nyuso za watu, hakucheka. Alikunja taulo, akaingia ndani.

Angemwambia nini? Kwamba kwa miezi minane alimsugua wifi yake doa chini ya jicho, akidhani ni la jua? Wifi akilalamika linawasha, yeye alimtania, "Tulia wifi, ndiyo unatakata hivyo!" Kumbe ni saratani; hospitali walipolikata, waliondoa na nyama ya shavu. Tangu hapo wifi hatoki bila mtandio usoni, na Mama Mvuke huutazama uso wa mtu mara tatu kabla ya kuugusa. Kila akisali, akifika kwa wifi, maneno humkauka.

Muuzaji wa mashine hizo alikuja mchana mmoja wa mvua na vyombo viwili. Cha kwanza kilikuwa kama ndoo iliyolazwa. Unaingiza uso, kinapiga picha.

"Ngozi ya miaka arobaini na nne! Umependelewa, mama."

"Nina hamsini na moja, mwanangu. Niambie, doa baya italijua?"

Muuzaji alijikuna kichwa. "Kusema kweli, hapana. Hii ni ya rangi na mikunjo. Ugonjwa ni kazi ya daktari."

Cha pili kilikuwa taa ya mkononi, ya mwanga wa zambarau, yenye kioo cha kukuza. Muuzaji alivuta pazia, akamwashia mbele ya kioo cha ukutani. Uso mzima ulijaa vidoa vyeupe vinavyong'aa. Mama Mvuke alijishika mashavu.

"Nimeoza, mwanangu?"

"Umejifuta na nini?"

"Taulo. Ndivyo ninavyowafuta wateja kabla sijawatazama."

"Basi ni nyuzi za taulo, mama! Hata poda hung'aa hivyo."

Kijana wa watu alicheka. Mama Mvuke alikaa kwenye kiti cha wateja, machozi yakamtoka. Miaka kumi na tisa ya kazi, na taulo tu limemdanganya.

Aliichukua taa, kwa kuwa angalau ilikuza. Lakini alikwisha kuona kwamba hakuna chombo ambacho kingewasikiliza wateja kwa niaba yake. Alifunga duka, akaenda kwa wifi yake mikono mitupu.

Wifi alifungua mlango, mtandio umefika machoni. "Umelowa chapachapa, wifi. Ingia basi ukae."

Hakukaa.

"Wifi, naomba unisimulie lile doa tangu siku ya kwanza. Lilivyoanza, lilivyobadilika, na yote uliyoniambia nikayapuuza. Nataka niyaandike, niwe nawauliza watu kabla sijawagusa."