Bibi Hakuwa Mjane

Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na hasira za karibu. Nilimpenda sana, lakini hili sijamsamehe mpaka leo. Siku moja, kabla sijazaliwa, alirudi kutoka shambani kwake Manda na njaa yake, akakuta bibi kenda arusini na jiko limepoa. Akamngoja. Alipoingia tu, akampa talaka tatu kwa mpigo mmoja. Alasiri ilimkuta barazani kwa kadhi, analia kama mtoto.

Kadhi hakuwa na la kumfanyia. Bibi hangeweza kumrudia mpaka aolewe na mwanamume mwingine, alale naye, kisha aachwe. Jamaa wakajitolea kumtafutia mume wa kupita. Bibi akakataa katakata.

"Simfanyii Mngu hila," alisema, "wala silali na asokuwa yeye."

Babu akahamia nyumba iliyotazamana na yetu, hapo hapo mtaani Langoni. Hakuoa tena. Mimi nimekua nikiona samaki akija asubuhi kutoka kwa babu, na adhuhuri sahani ikienda kutoka kwa bibi. Baada ya alasiri babu huketi nje kwenye daka letu, kibaraza cha mlangoni, bibi naye ndani, nyuma ya mlango, wakazungumza mpaka magharibi. Walibishana mno, hasa juu ya chumvi. Sisi wasichana tulikuwa tukiwaita maharusi, na bibi akijifanya hasikii.

Wakati wa vita vya Wajerumani babu alishikwa na homa. Bibi aliomba jambo moja tu, awe karibu naye. Wajomba zangu waliona haya kumnyima mama yao, wakatundika pazia chumbani mwa babu. Bibi akakaa nyuma ya pazia lile akimsomea Yasini. Babu alipokata roho, wanawe wa kiume ndio waliomwosha. Bibi hakumgusa. Hilo liliniuma roho kuliko kifo chenyewe.

Alirudi kwake, akavua vipuli, akaacha udi na wanja. Nilidhani anakaa eda. Kumbe sivyo. Siku ya tatu ilipokwisha aliniita, akanipa kichupa cha wanja.

"Ndoo hapa, unitie wanda."

"Bibi, watu bado wako matangani. Watasemaje?"

"Eda ni ya mke. Mimi kwake si mke, na asokuwa mke hapewi zaidi ya siku tatu za msiba. Zangu zimekwisha. Nitie."

Alikuwa ameshajaribu mwenyewe, akashindwa. Nikamtia jicho la kulia, chozi likaja nalo. Nikapangusa, nikatia tena, likaja jingine. Nikamwambia tuache, tutatia kesho.

"Tia tu, mwanangu," alisema.

Nikatia, nikatia, mpaka uso wake wote ukawa mweusi.