Kulungu Aliyeachiwa Bibi

Jumapili iliyopita nilikwenda Bowie, hapa Marekani, kwa wazazi wangu, na kabla hata sijavua koti nikamwona kupitia dirisha la jikoni: kulungu dume, mchanga, amesimama katikati ya matembele ya Mama, anakula kama aliyealikwa. Pembe zake zilikuwa fupi, hazijapita masikio. Mama tayari alikuwa ameshika kandambili. Mimi, rafiki yangu, nilisahau hata kusalimia, maana nilirudi ghafla kwenye ule msimu wa majani kudondoka, mwaka aliokuja Bibi.

Bibi, mama yake Baba, alitoka Tabora kuja kututembelea nikiwa bado shule ya msingi. Tulimpa chumba changu, na alitushukuru kwa kila kitu isipokuwa chakula. Mama alikuwa anaendesha gari mpaka mji wa Silver Spring kumtafutia nyama halali, unga wa ugali, bamia, hata mihogo. Bibi anaonja, anausifu mkono wa mpishi, kisha anaisukuma sahani pole pole. Nyama ya friji, alisema, haina harufu ya kitu kilichowahi kuishi. Magauni aliyokuja nayo yakaanza kumpwaya, na Baba akawa anamtazama mezani bila kula yeye mwenyewe.

Alichokitamani alikisema waziwazi. Marehemu Babu alikuwa mwindaji, na ujana wote wa Bibi ulikuwa wa nyama ya porini, aliyoikausha juu ya moto na kuiunga kwa karanga. Sasa mfikirie mama wa namna hiyo amekaa dirishani Bowie, anawaona kulungu wakipita uani kama mbuzi wa jirani.

"Nyama inatembea uani," alimwambia Baba, "na ninyi mnanunua iliyoganda?"

Baba, mtu wa ofisi ya serikali, tangu avuke bahari alikuwa hajashika kisu isipokuwa cha kukatia nyanya.

Jibu lilikuwa nyumba ya pili. Jirani yetu alikuwa Mmarekani Mweusi, mwalimu mstaafu, aliyejifunza Kiswahili chuoni ujanani na asikiache. Sote tulimwita Mwalimu. Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Sisi tukisema "mambo", yeye anauliza "waonaje hali". Alikuwa mwindaji wa miaka mingi katika shamba la binamu yake, kusini mwa Maryland. Aliposikia habari za Bibi, akamsukuma Baba ahudhurie mafunzo ya uwindaji, achukue leseni, waende pamoja.

Tatizo ni kwamba Mwalimu alikuwa na mwiko wake: hapigi dume mchanga. Ambaye pembe zake hazijapita masikio anaachwa apite, akue, azae. Na msimu ule, kila Jumamosi waliyokwenda, madume wakubwa hawakuonekana, majike hawakuonekana. Walipita hao hao vijana. Baba anarudi mikono mitupu, viatu vimejaa tope, na Bibi anamsubiri mlangoni.

Jioni ubishi ulihamia jikoni kwetu, juu ya chai ya tangawizi na maandazi. Baba anasema nyama ni nyama, pembe hazipikwi. Mwalimu anasema aliyewinda miaka mingi hana sababu ya kugombania vijana. Ukiwamaliza leo, kesho utamkuta nani porini? Wote wawili walisema kweli, ndiyo maana hawakuweza kumaliza.

Bibi alikuwa anasikiliza huku anamenya karanga. Siku moja akasema, bila kuinua macho, "Aliyeshiba hamjui mwenye njaa."

Mwalimu alizijua methali. Alishukuru kwa chai, akaenda kwake mapema. Mama alinikazia macho mimi, kwa kuwa mama mkwe hakaziwi macho.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari ya Bibi, nililia mpaka nikachukuliwa. Baba aliswali alfajiri kando ya gari, Mwalimu akammulikia tochi. Kisha tukaingia kwenye kibanda cha kitambaa cha kujifichia, sisi watatu na fulana zetu za rangi ya chungwa, ili wawindaji wengine wasitupige. Bado nakumbuka harufu ya majani yaliyolowa, kahawa ya Mwalimu, na vitumbua alivyotufungia Bibi, vya moto bado, nilivyovishika ili vidole visife ganzi.

Jua lilipochomoza, akatokea. Dume mchanga, peke yake. Alipita upande wa Mwalimu, karibu kabisa, na Mwalimu hakugusa bunduki. Alimwacha kama alivyowaacha wote, na yule mnyama akaja taratibu mpaka mbele ya Baba. Baba naye hakuinua bunduki. Alikuwa mgeni kwenye shamba la watu, na mwiko wa mwenyeji ni mwiko. Naamini angemwacha aende zake, na angerudi kwa mama yake mikono mitupu.

Mwalimu akamwinamia Baba, akanong'ona: "Mwiko huu ni wangu mimi niliyeshiba. Wewe una mama nyumbani."

Baba akasema Bismillah, akapiga. Wakakimbia wote wawili, Mwalimu akashika miguu, Baba akachinja kuelekea kibla, machozi yanamtiririka.

Siku ile Bibi aliliteka jiko. Alikausha vipande uani juu ya mkaa, moshi ukaingia kwenye mapazia yote, akaviunga kwa karanga na kusonga ugali mwenyewe. Sahani ya kwanza hakumpa mwanawe. Alimpa Mwalimu, kwa mikono miwili, akamwambia, "Kula, aliyeshiba." Mwalimu alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho. Kisha Bibi akala, akaongeza, akaongeza tena, na Baba akala.

Baba aliendelea kuwinda na Mwalimu miaka mingi, na hakumpiga tena dume mchanga. Aliwapeleka wengine: dereva Mkongo, mwanafunzi Mkenya, watu ambao hawakuwahi kupata mnyama. Kulungu vijana aliwaacha wapite mpaka mbele yao.

Bibi amelala Tabora sasa. Mwalimu tulimzika, na Baba akamsomea dua kwa Kiswahili alichokipenda. Lile shamba limejengwa nyumba, na barabara zake zimepewa majina ya miti iliyokatwa. Siwezi kulipa nilichopewa. Naweza kukisimulia tu, na kushukuru.

Basi Jumapili ile Mama alikuwa amekwisha kufungua mlango, kandambili juu. Baba akaja kwa magoti yake mabovu, akasimama nyuma yetu, akazitazama pembe za yule mgeni.

"Mwache," akasema. "Sisi tumeshiba."

Mama akaishusha kandambili, ingawa matembele yalikuwa yake.